Maneno ya Mkono wa Kushoto

Kesi ya dobi ilikuwa imefika mahali penyewe hasa pale mkono wa mkalimani ulipoanza kumsaliti.

Dobi alikuwa kiziwi tangu utotoni, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyefukuzwa na kampuni ya kufulia nguo za mahoteli kwa madai kwamba aliunguza mashuka kwa makusudi. Wakili wa kampuni alikuwa akimbana kuhusu zamu, tarehe na namba ya mashine ya pasi. Kati ya kizimba na meza ya hakimu alisimama mkalimani, mwanamke ambaye viziwi wote wa mji ule walimwita Kibonyeo, kwa alama ya kidole kilichobonyezwa shavuni. Yeye alikuwa anasikia. Kazi yake ilikuwa kugeuza maneno ya mdomo yawe ya mikono, na ya mikono yawe ya mdomo, na alikuwa ameifanya kwa miaka mingi mpaka akaizoea kama mtu anavyozoea njia ya kwenda chooni kwake gizani.

Namba ya mashine ilikuwa ndefu. Aliianza vizuri, kisha katikati vidole vikaanza kucheza vyenyewe. Alipounyoosha mkono mbele ili shahidi auone, ndipo ulipotetemeka zaidi, na kadiri alivyojikaza ndivyo ulivyomkaidi. Dobi alikunja uso, akajibu kwa alama fupi.

"Shahidi amesema nini?" hakimu aliuliza.

Kazi ile ilikuwa na sharti lake: kinachosemwa kinatafsiriwa, hata kiwe tusi, hata kimhusu mkalimani mwenyewe.

"Anasema haelewi mkalimani anasema nini, mheshimiwa."

Nyuma ukumbini mtu alicheka puani. Hakimu akamwambia arudie. Alirudia, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Dobi, ambaye alikuwa amekula nyumbani kwake mara nyingi, aliinamisha macho kwa kumwonea aibu, kisha akasema tena kwamba haelewi, na Kibonyeo akalitafsiri hilo nalo. Hakimu akavua miwani. Kwa sauti ya upole, iliyouma kuliko ukali, akamuuliza kama alikuwa amekunywa kitu asubuhi ile.

Alijibu kwamba hakunywa. Kesi ikaahirishwa. Karani wa mahakama alimfuata nje ya ukumbi, akamwambia asirudi mpaka apate maelezo ya daktari. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu ambaye chai yake inapoa mezani.

---

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana ya mumewe. Mumewe, Seremala, alizaliwa kiziwi, na nyumba nzima ilikuwa imepangwa kufuata macho yake. Meza ya kulia ilikuwa ya duara ili kila mtu amwone mwenzake. Balbu za akiba hazikukosekana kabatini, kwa kuwa taa ikiungua mazungumzo yanakatika. Anayeitwa aligongewa sakafu kwa kisigino. Binti yao wa pekee, ambaye alisikia kama mama yake, alijua kuomba maziwa kwa vidole kabla hajajua kuyaomba kwa mdomo, na sasa alikuwa msichana wa sekondari mwenye mitihani mbele yake.

Katika nyumba ya namna ile mtu anaweza kuficha mengi, lakini si mikono. Kibonyeo alikuwa ameficha jicho lililofifia kwa majuma kadhaa mwaka uliopita, kisha likarudi lenyewe. Alikuwa ameficha miguu iliyokufa ganzi, akavisingizia viatu. Mkono haukufichika. Alipomsimulia mumewe yaliyotokea mahakamani, Seremala hakushtuka. Alijipangusa vumbi la mbao, akasema kwa alama zake nzito za mtu wa randa:

"Nimekuwa nikiuona. Unaongea kama mtu aliyebeba ndoo."

Kibonyeo akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Nilikuwa nangoja wewe uniambie. Mkono ni wako."

Wakaenda hospitali. Kulikuwa na vipimo vya damu, picha za kichwa, na madawati marefu ya kungojea. Siku ya majibu waliingia wote wawili chumbani kwa daktari, mwanamke mtulivu ambaye hakujua alama hata moja, na hapakuwa na mwingine wa kutafsiri isipokuwa mgonjwa mwenyewe.

Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake refu, multipo sklerosisi. Alieleza kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inaligeukia ganda linalofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Ganda likiliwa, amri inayotoka kichwani kwenda mkononi inafika imechelewa, au inafika imepotoka. Kisha akaweka kalamu chini.

"Sipendi kukuficha. Ugonjwa huu hauponi. Dawa zipo za kuupunguza kasi, na wengi wanaishi nao miaka mingi. Lakini mkono huo huenda usirudi kama ulivyokuwa."

Kibonyeo alimgeukia mumewe. Mkono ulicheza.

"Anasema ni mishipa. Kuna dawa. Nitafanya mazoezi."

Seremala alimtazama mkewe, akamtazama daktari, ambaye bado alikuwa na uso wa mtu aliyetamka jambo zito. Hakuuliza kitu. Kibonyeo, ambaye alikuwa ametafsiri matusi ya watu na vilio vya watu bila kupunguza hata neno, alitoka pale akijua kwamba amepunguza, na kwamba aliyempunguzia ni mume wake.

---

Dawa zilifanya kazi yake. Jicho halikufifia tena, ganzi ya miguu ikapungua. Mkono wa kulia haukubadilika, na wa kushoto nao ulikuwa na udhaifu, ingawa haukutetemeka sana. Kila saa ilimletea kijifedheha chake: vifungo vya blauzi vilimkataa, chai ilimwagikia kifuani, funguo zilikwaruza kitasa mpaka jirani akatoka kuona ni mwizi gani asiyejua kazi. Huyo huyo jirani alianza kuwaambia watu dukani kwamba mkalimani amemwaga unga kwa sababu ya pombe. Kibonyeo aliyasikia, akayaacha yapite.

Lililomkata maini lilikuwa jingine. Seremala alikuwa akimwomba arudie, tena na tena, mpaka siku moja akapunga mkono na kusema, "Haidhuru." Alimaanisha wema. Hakutaka kumchosha. Lakini neno lile lilirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila liliporudi lilikuwa limezika kitu ambacho Kibonyeo alitaka kukisema.

Kisha wakiwa mezani, Kibonyeo akieleza jinsi paa la chumba cha nyuma linavyovuja, Seremala alimgeukia binti yao.

"Mama amesema nini?"

Msichana alitafsiri bila kufikiri, akaendelea kula. Ilikuwa rahisi, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Tangu siku ile mama alisema kwa mdomo, binti akasema kwa mikono, na baba akajibu. Msichana aliitwa kutoka kwenye vitabu vyake, akaitwa kutoka bafuni na sabuni kichwani. Wazazi wake waliongea kuhusu mafuta ya taa, mbao na bomba, wala hawakugombana tena, kwa kuwa hakuna anayegombana vizuri kupitia mtoto.

Jioni moja Kibonyeo alitaka kumwambia mumewe kwamba anaogopa. Alifungua mdomo, akamwona binti yake amesimama kati yao, mikono tayari, macho yamechoka.

"Mwambie baba yako maji ya kuoga yamechemka," akasema.

Msichana hakutafsiri mara moja.

"Mama, hilo silo ulilotaka kusema." Akashusha mikono. "Lakini afadhali. Kuna mambo mengine sitaki kuyapitisha mimi."

---

Chumba cha tiba ya vitendo kilikuwa mwisho wa ukumbi wa hospitali, baada ya stoo ya magongo na viti vya magurudumu. Mtaalamu wa pale alikuwa mwanamume mnene, mpole wa mikono, aliyezoea kuwatania wagonjwa ili wasahau kwamba wanapimwa. Mezani kwake palikuwa na vijiko vyenye mipini minene, vikombe vya vifuniko, ubao ulioshonewa vifungo vya shati, na udongo laini wa kufinyanga. Alimwambia Kibonyeo aguse pua yake kisha aguse kidole cha mtaalamu, na akaona jinsi mkono ulivyosafiri vizuri njiani, ukachachamaa ulipokaribia kufika. Akamminyisha kipimo cha nguvu. Kisha akachukua kijiko kimoja kinene.

"Tuanze na kula, dada. Wengi wanapenda tuanzie hapo."

"Kula nitalishwa," Kibonyeo alisema. "Halinitishi. Mimi nataka kuongea."

Mtaalamu alidhani amekosea chumba, akaanza kumwelekeza kwa mwenzake wa mambo ya sauti. Kibonyeo akainua mkono wa kulia mbele ya uso wake, ukacheza hewani baina yao.

"Nyumbani kwangu mdomo ni huu. Mume wangu ni kiziwi. Sasa naongea naye kwa mkalimani, na mkalimani ni mtoto wangu. Mimi nimekuwa mkalimani wa watu maisha yangu yote. Sitaongea na mume wangu kwa mkalimani."

Mtaalamu alikirudisha kijiko mezani. Utani ulikuwa umemtoka. Alikiri kwamba hajawahi kuitibu mikono kwa kazi ya namna hiyo.

"Na sitakudanganya. Kutetemeka sina dawa ya kukuondolea. Ninachoweza ni kutafuta pamoja nawe njia ya kulifanya jambo lile lile kwa mkono ulio nao. Ila siwezi kulitafuta na mtu mmoja. Mazungumzo ni ya wawili. Mlete mzee wako."

Seremala alikuja akiwa amevaa shati la kutokea. Mtaalamu aliwakalisha akawaomba waongee jambo lolote, naye akawatazama kama anayetazama mchezo ambao hajui sheria zake. Hakuelewa neno, na pengine hilo lilimsaidia, kwa sababu aliiona mikono tu. Aliona kwamba kiwiko kikiachana na mbavu, mkono unachafuka, na kikiegemea kitu, unatulia. Aliona kwamba mkono wa kushoto, uliokuwa ukisaidia tu, ni mtiifu kuliko wa kulia ulioongoza. Jua lilipoingia dirishani likampiga Kibonyeo mgongoni, alama zikazidi kuvurugika, mtaalamu akawahamishia upande wa kivuli. Joto, alieleza, ni adui wa mwenye ugonjwa huu.

Akauliza kama ni lazima alama ziwe kubwa vile. Kibonyeo akacheka. Mahakamani, alisema, unaongea kwa ukubwa ili ukumbi mzima uone, nao mwili umezoea.

"Yaani nyumbani unamhutubia mumeo," mtaalamu alisema. "Basi jifunze kunong'ona. Fupi, karibu na kifua, viwiko vimeegemea. Na kiongozi awe wa kushoto."

Kwa Seremala alikuwa na maagizo pia. Aketi mbele ya mkewe, kwenye mwanga. Asimmalizie sentensi. Akikosa neno, aulize neno hilo hilo alilokosa. Na lile la "haidhuru" aliache kabisa. Kibonyeo ndiye aliyeyatafsiri hayo yote, kwa mkono wa kushoto, kwa shida, na hilo likawa zoezi lake la kwanza.

Walipokuwa wakitoka, Seremala alimpa mtaalamu jina la alama, kama desturi ya viziwi ilivyo kwa mtu wanayemkubali: mkono unaokoroga kikombe. Akawa Kijiko mpaka leo.

---

Kibonyeo alifunga kibwebwe. Asubuhi, kukiwa bado na ubaridi, alifinya udongo na kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo, na alipohisi uchovu aliacha, kwa kuwa Kijiko alimkataza kabisa kujikamua. Nguvu aliyonayo kwa siku ni kidogo, alimwambia, kwa hiyo achague ataitumia kwenye nini. Kibonyeo akachagua. Blauzi za vifungo aliziweka sandukuni, akavaa magauni ya kutumbukiza kichwani. Kikombe chake kikawa cha kifuniko na mrija, na wageni walipokikodolea macho, aliwaacha wakodoe. Kile alichokiokoa kwenye vifungo na vijiko alikipeleka kwenye maneno.

Seremala naye aliitoa ile meza ya duara. Akatengeneza nyingine, iliyokatwa kama mwezi upande wa mkewe ili kifua kiingie ndani na viwiko vipate pa kulala kushoto na kulia. Kijiko alikuja kuipima, akataka iinuliwe kidogo. Seremala alibisha, akamkalisha mkewe, akatazama mabega yake, akakubali, akaenda kuchukua vipande vya kuinulia miguu.

Kuhamisha ulimi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine si kazi ya kitoto. Mkono wa kushoto uliyajua maneno yote lakini haukuwahi kuyasema wenyewe. Ulitamka vibaya, ukageuza, ukasahau. Siku moja Kibonyeo alitaka kumwambia mumewe alete chumvi, ukamwambia alete polisi. Seremala alikwenda mpaka mlangoni, akachungulia nje kulia na kushoto, akarudi na kuripoti kwamba hawajafika. Walicheka mpaka Seremala akaegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka pamoja jambo ambalo binti yao hakulipitisha.

Kisha lilikuja joto. Bati la nyumba lilikuwa likilia kwa kutanuka kuanzia asubuhi, na yote aliyokuwa ameyajenga Kibonyeo yakamomonyoka. Mkono wa kushoto nao ukaanza kuyumba. Alasiri moja alikuwa mezani akimweleza mumewe kuhusu ada ya mtihani, akarudia neno, akalirudia tena, na Seremala akageuza uso akatazama ukuta.

Kwa wanaosikia, kutazama pembeni si kitu. Katika nyumba ile kulikuwa sawa na mtu kuziba masikio yake mbele ya anayeongea. Kibonyeo alipiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka. Seremala aliihisi mbao ikitikisika, akageuka.

"Umeniziba," Kibonyeo alisema.

"Nikikutazama naona mkono unavyoteseka. Sioni maneno."

"Mkono hauteseki. Unaongea. Tazama maneno."

Hapo Seremala alisimama, mikono yake ikafunguka.

"Maneno gani? Siku ile daktari alifungua mdomo muda mrefu. Wewe ukanipa maneno ya kumpa mtoto. Tangu siku ile kila ukinyamaza najiuliza umenyamazia nini. Nimefichwa maneno na watu tangu nizaliwe. Watu wakicheka nauliza, naambiwa baadaye. Watu wakilia nauliza, naambiwa baadaye. Nikaoa mtu asiyeniambia baadaye. Nyumbani kwangu sitaki kufichwa."

Kishindo cha meza kilikuwa kimemleta binti yao mlangoni. Alimtazama mama, akamtazama baba, na mikono yake ikaanza kuinuka kwa mazoea. Kibonyeo akamwambia kwa mdomo arudi akasome. Msichana alisita, kisha akaondoka.

Kibonyeo alichovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, akajifunga shingoni. Kingine akakizungushia mkono wa kushoto kwenye kifundo, akangoja ubaridi uingie. Akakiingiza kifua kwenye ule mkato wa meza, akaviegemeza viwiko. Seremala aliketi mbele yake. Kibonyeo akamtafsiria upya, kama anavyotafsiriwa mtu mzima mahakamani, kwa kinywa cha daktari mwenyewe.

"Mimi daktari sipendi kukuficha. Ugonjwa huu hauponi."

Seremala alimwomba arudie neno la mwisho. Akarudia. Seremala alikuwa amelielewa mara ya kwanza.

Aliendelea mpaka mwisho, na dawa, na miaka, na mkono ambao huenda usirudi. Ilichukua muda mrefu kuliko daktari alivyochukua. Seremala hakummalizia hata sentensi moja. Mkewe alipomaliza, alimuuliza kama ugonjwa huo utamuua, akajibiwa kwamba daktari hakusema hivyo, alisema wengi wanaishi nao. Akamuuliza kwa nini alimficha.

"Niliogopa uso wako. Na bado naogopa. Naogopa kila asubuhi nikiamka, kabla sijajua mikono imeamkaje."

Seremala alinyoosha mikono yake juu ya meza, akaikamata ya mkewe yote miwili. Kwa kiziwi, huko ni kunyamaza na kunyamazishana, na walinyamaza hivyo mpaka jua likahama kwenye bati.

---

Dobi bado alikuwa hana kazi. Kesi yake ilikuwa imepigwa danadana, kisha ikapewa mkalimani msichana, mwanafunzi wa zamani wa Kibonyeo, mwenye mikono mizuri na safi. Alimfikishia dobi maswali bila tatizo. Shida ilikuwa kurudisha majibu. Dobi akikasirika aliongea kwa kasi, kwa lafudhi ya mikono ya watu wasiosoma shule, na msichana alikamata neno moja katika matatu. Alikuja nyumbani kwa Kibonyeo akamwambia, karibu na machozi, kwamba anahofia atamponza mtu.

Kibonyeo alilifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa, kisha akaenda kwa karani wa mahakama. Alimweleza kwamba ukalimani una pande mbili. Kumpelekea shahidi maswali kunahitaji mikono, na mikono msichana anayo. Kuyatoa maneno ya shahidi kwa sauti kunahitaji macho na mdomo, navyo yeye anavyo vizima. Waketi wawili.

Karani alisema kazi hiyo ina kiti kimoja. Kibonyeo akamwambia hana haja ya kiti, atasimama, lakini anaomba kusikilizwa na hakimu mwenyewe. Karani alimzungusha, njoo kesho, njoo Jumatatu. Alikuja kesho, akaja Jumatatu, akaketi kwenye benchi na kikombe chake cha mrija, mpaka karani akachoka kumpita.

Hakimu alimpokea ofisini. Kibonyeo aliuweka mkono wa kulia juu ya meza yake, chini ya taa, akauacha uonekane.

"Siku ile uliniuliza kama nimekunywa, mheshimiwa. Nilikuwa naumwa, nami sikujua. Sasa najua. Huu hautapona, ila macho yangu yanaona na akili yangu ni nzima."

Hakimu aliutazama mkono kwa muda. Hakuomba radhi kwa maneno, lakini alivuta kiti akamwambia aketi, akamuuliza maswali mengi na ya maana, na mwisho akasema watajaribu mara moja, mbele yake.

Ukumbi siku hiyo ulikuwa na feni, na Kibonyeo aliomba awekwe karibu nayo. Wakili wa kampuni alisimama mapema. Alisema kwa heshima zote kwamba mahakama haiwezi kuendeshwa na mkalimani wa nusu na nusu, mmoja wa mikono na mmoja wa mdomo. Msichana akayapeleka maneno hayo kwa dobi, kama sharti linavyotaka. Dobi akajibu, na Kibonyeo, bila kupepesa macho, akalitoa jibu kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Naomba kuuliza kama wakili naye ni nusu, maana tangu tuanze anatumia mdomo tu."

Hakimu aliinamia makaratasi yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaamuru waendelee.

Dobi alisimulia. Alianza polepole, halafu hasira ikampanda na mikono ikakimbia, naye Kibonyeo akakimbia nayo, macho yamemkazia, sauti yake ikiwa sauti ya dobi.

"Mashine ilikuwa inakolea moto yenyewe. Nilimfuata msimamizi. Sina sauti ya kumwita, nikamshika mkono wa shati nikamvuta mpaka pale. Nikamwonyesha shuka linavyobadilika rangi. Nikamwonyesha mashine. Akacheka. Akawageukia wenzake akaniiga ninavyopunga mikono, nao wakacheka. Nikarudi kazini kwa sababu nina watoto. Mashuka yakaungua. Ndipo wakasema nimeyaunguza kwa makusudi."

Hakuna aliyecheka puani safari hii. Msimamizi mwenyewe alikuwapo, ameketi nyuma ya wakili. Hakimu alipomuuliza kama alivutwa shati siku ile, alisema hakumbuki vizuri, kisha akasema labda, kisha akasema ndiyo, ila hakujua mtu yule anataka nini.

Hukumu haikutoka siku hiyo. Ilipotoka, dobi alirudishiwa haki zake, na Kibonyeo na msichana wakaanza kuitwa pamoja, si kila mara, lakini mara za kutosha.

---

Siku ya ushuhuda ule alirudi nyumbani miguu mizito na mikono imekwisha kabisa. Alifanya alivyofundishwa: alilala sakafuni penye ubaridi, macho kafumba, bila kumwambia mtu neno, mpaka mwili ulipomrudia kidogo. Kisha akaja mezani. Seremala alikuwa ameshaketi, mchoro wa kabati mbele yake, penseli sikioni.

Hakumuuliza habari za mahakama kwanza. Alimwonyesha mchoro. Mteja alikuwa mama wa mapacha wanaoanza kutembea, naye Seremala alikuwa ameziweka droo chini. Kibonyeo akamwambia kwa kushoto, fupi, karibu na kifua, kwamba droo zikae juu, kwa kuwa watoto watazivuta zote siku ya kwanza, na moja itawaangukia vidoleni, na...

Seremala alimkatiza.

Alimkatiza katikati ya sentensi, mikono yake mikubwa ikipunga mbele ya uso wake, akisema kwamba droo za juu zinafanya kabati lipepesuke, kwamba yeye ndiye fundi, kwamba mteja mwenyewe kazitaka chini. Tangu Kijiko ampe maagizo yale hakuwahi kumkatiza. Alikuwa akingoja kila neno kwa subira ya mtu aliyekaa na mgonjwa.

Kibonyeo akapiga meza.

"Ngoja nimalize."

"Najua unachotaka kusema."

"Hujui. Ngoja."

Hakungoja. Akaendelea, naye akaendelea, wakawa wanaongea wote kwa pamoja, mmoja kwa mikono miwili mizito, mwingine kwa mmoja na nusu unaoyumba, kila mmoja akimpigia mwenzake meza amtazame. Binti yao aliisikia mipigo hiyo chumbani kwake. Alikuja mpaka mlangoni na kalamu mkononi, akaangalia, akaona kwamba hakuna anayemhitaji. Akarudi kusoma, na safari hii akafunga mlango.

Kabati lilipokuja kuchukuliwa, droo zilikuwa juu.